Re: Darasa la kwanza shule ya masista, mtoto Mwislamu ataweza?

Dada, umeuliza wiki yao inakwendaje na kama mwanao atalazimishwa kusali. Mimi niko Masasi, mwanangu yuko darasa hilo kwa masista.

Sehemu kubwa ya wiki ni KKK kama shule nyingine: kusoma, kuandika, kuhesabu. Ukiona daftari limejaa ba be bi bo bu usidhani hawafundishwi. Ila kama shule inafundisha kwa Kiingereza, jiandae: kwa Kiswahili herufi inasomwa vilevile kila mahali, kwa Kiingereza inabadilika, na mtoto anachanganya. Msomee Kiswahili nyumbani kila jioni, hata ukurasa mmoja. Mimi naona hilo linasaidia kuliko tuisheni, na ni bure.

Upande wa dini, kwetu asubuhi wanaanza na ishara ya msalaba na Baba Yetu, saa sita mchana sala ya Malaika wa Bwana, na siku moja ya wiki kuna misa. Oktoba inaongezeka sala ya rozari. Komunyo ya kwanza haiwahusu bado, hata watoto Wakatoliki, ni wadogo. Watoto Waislamu wapo wengi, si unajua kusini kwetu. Kipindi cha dini wengine wanakwenda kwa ustadhi, wengine wanakaa tu na wenzao. Kila shule ina utaratibu wake, kwa hiyo muulize mwalimu mkuu kabla hujalipa fomu: misa ni lazima? Ustadhi anaingia?

Ulizia na awamu za ada. Ya Januari pesa ya korosho inaibeba, ya Julai ndiyo kasheshe.