Wasomaji Wauliza: Soko la Mtandaoni la Kadi za Wanamichezo

SWALI: Shikamoo, mhariri. Mimi ni kijana wa Shangani, Mtwara Mjini. Pamoja na wenzangu wachache wa hapa, wa Dar es Salaam na wa Mombasa, tunakusanya kadi za wanasoka, hasa zile zilizokwishapimwa ubora na kampuni za nje na kufungwa katika makasha ya plastiki. Kwa sasa tunauziana na kubadilishana kwenye kundi la WhatsApp, na tumeshuhudia mtu akituma fedha asipate kadi. Nataka kutengeneza tovuti, na baadaye programu ya simu, ambako wakusanyaji watafanya biashara bila hofu. Fundi wa tovuti ameniambia kazi yenyewe si kubwa. Je, kwa kuwa kadi zimeshapimwa, kilichobaki si kuwakutanisha tu muuzaji na mnunuzi? Nianzie wapi, na nijilipe vipi?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Fundi wako hakukudanganya: kurasa za kuonyesha kadi, picha zake na bei yake zinaweza kukamilika katika muda mfupi. Lakini mkasa ulioueleza haukusababishwa na ukosefu wa tovuti, wala haukutokana na shaka juu ya daraja la kadi, yaani alama ya ubora iliyopewa na kampuni ya kupima. Fedha ilitangulia, kadi ikabaki mikononi mwa mtu asiyewajibika kwa yeyote. Ukijenga tovuti juu ya utaratibu ule ule, utapeli utahamia huko, safari hii ukiwa na jina lako juu yake.

Tuanze na kile ambacho daraja linakupa, kwa sababu ni kikubwa. Kampuni kama PSA ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1991, hupokea kadi, huikagua ili kujua kama ni halisi na kama haikuchezewa, kisha huipa alama kuanzia 1 hadi 10. Wakaguzi huangalia mambo manne: picha imekaa katikati kiasi gani, pembe zina ncha au zimefifia, kingo zimechubuka au la, na uso wa kadi una mikwaruzo au dosari za uchapaji. Beckett, kampuni nyingine ya huko, inajulikana kwa kuandika alama ya kila jambo kati ya hayo kwenye lebo. Baada ya hapo kadi hufungwa ndani ya kasha la plastiki ngumu lililokusudiwa lisifunguke bila kuacha alama, na lebo hubeba namba ya cheti ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye tovuti ya kampuni husika. Ndiyo maana kadi mbili za mchezaji yule yule, za mwaka mmoja na kiwanda kimoja, hupishana bei kwa mbali sana. Kadi ya Pelé ya mwaka 1958 iliyochapishwa Uswidi, ikiwa na daraja la 9, iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni moja, ilhali nakala zenye pembe zilizochakaa hazikaribii fedha hiyo.

Hata hivyo, daraja ni hukumu ya binadamu. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ile maarufu ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya mwaka 1909 na 1911, nayo ikapewa 8. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, alikiri mbele ya mahakama kwamba aliikata kingo ili ionekane nadhifu zaidi. Mtu huyo huyo alikiri pia kwamba katika minada ya kampuni yake dau zilipandishwa kwa hila, na mashtaka yaliyompeleka gerezani yalihusu minada hiyo. Ninakuomba uyasome hayo kwa makini, maana hila zote mbili zilifanywa na mtu wa ndani wa biashara, aliyeaminiwa na wote.

Siku hizi kuna hila nyingine unayopaswa kuijua kabla hujapokea tangazo la kwanza. Tapeli huchukua namba ya cheti halali, huichapisha kwenye lebo ya bandia, na kuifunga kadi hafifu au ya kughushi katika kasha linalofanana na la kweli. Anayetafuta namba hiyo mtandaoni ataikuta, na ataridhika. Kwa hiyo ukaguzi wa namba hautoshi. Lishike kasha kwenye mwanga wa dirisha, ulizungushe taratibu na kutazama mshono wake pande zote nne, ukitafuta weupe unaofanana na ukungu, nyufa nyembamba au gundi iliyotuna kwenye kona. Kisha, pale ambapo kampuni imeweka picha ya kadi kwenye rekodi yake, linganisha upana wa mpaka wa kushoto na wa kulia, na utafute ile nukta ndogo ya wino au chubuko ambalo nakala hiyo pekee inalo. Kadi mbili zinaweza kuwa na daraja moja, lakini haziwezi kuwa na dosari zilezile mahali palepale.

Wewe ni mtu wa Mtwara, na mfano wa soko unalolihitaji umeuona tangu utoto. Mkulima wa Tandahimba au Newala hapeleki korosho zake kwa mnunuzi. Anazifikisha kwenye chama cha msingi, zinapimwa uzito, zinaangaliwa ubora na kupangiwa daraja, zinaingia ghalani, na kinachokwenda mnadani ni stakabadhi. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005 na mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho mkoani kwako mwaka 2007. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi aliye mbali anaweka dau kwa sababu anajua mzigo upo, uko chini ya mtu anayewajibika kwa sheria, na hautaondoka ghalani kabla fedha haijaingia. Daraja peke yake lisingemshawishi.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba ujenge ghala kwanza na tovuti baadaye. Kadi isitangazwe kabla haijafika kwako. Inapofika, kifurushi kifunguliwe na watu wawili mbele ya kamera, kasha likaguliwe kama nilivyoeleza, lipigwe picha mbele, nyuma na kwenye mshono, kisha mwenye mali apewe stakabadhi yenye namba ya cheti na sahihi zenu. Utaona ni usumbufu kwa biashara changa, lakini tazama eBay, soko la mtandaoni la Marekani: ilianza mwaka 1995 kwa kuwaacha watu watumiane bidhaa wenyewe, na kufikia mwaka 2022 ililazimika kuanza kuzipitisha kadi za bei kubwa kwa wakaguzi kabla hazijamfikia mnunuzi. Chumba chenyewe kiwe na kabati la chuma, bima, na namna ya kupunguza unyevu, kwa kuwa kasha la plastiki si chombo kisichopitisha hewa na pwani yetu haina huruma kwa karatasi.

Kuhusu fedha, usizipokee kwenye simu yako binafsi hata kwa siku moja. Anayeendesha mfumo wa kupokea na kushikilia fedha za watu anaguswa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na leseni hutolewa na Benki Kuu. Njia iliyo wazi kwako ni kuingia mkataba na benki au kampuni ya malipo iliyokwisha kupewa leseni, ambayo itapokea malipo ya M-Pesa, Airtel Money na mitandao mingine, iyashikilie, na kuyaachia kwa muuzaji pale mnunuzi anapothibitisha kuwa amepokea kadi au muda wa malalamiko unapokwisha. Muda huo uwe mfupi na uandikwe. Wakulima wetu wamelalamika mara nyingi kwamba malipo ya mnadani yanachelewa na makato hayaeleweki, na malalamiko hayo yatakufikia na wewe usipoonyesha kila shilingi inakokwenda.

Kubadilishana kadi kwa kadi ndiko kunakohitaji ghala kuliko kuuza, kwa sababu hapo kila mmoja anaogopa kutangulia. Pande zote mbili zilete kadi kwako, na zote mbili zitoke siku moja. Kama kuna nyongeza ya fedha kwa sababu kadi hazilingani thamani, ipite kwenye njia ile ile ya malipo.

Fundi wako naye ana kazi moja asiyoweza kuikwepa. Maduka mengi ya mtandaoni huandika bidhaa moja na idadi yake, lakini kwako kila nakala lazima iwe na rekodi yake, ikitambulika kwa jina la kampuni iliyoipima pamoja na namba ya cheti, na mfumo ukatae namba hiyo kutangazwa mara mbili. Rekodi ihifadhi historia: nani aliileta, iliuzwa lini, kwa bei gani. Bei iliyoombwa na bei iliyolipwa zisichanganywe hata mara moja, maana mnunuzi mgeni hutazama bei zilizoombwa na kudhani ndizo za soko. Na iandikwe kanuni kwamba wewe, wafanyakazi wako na mwenye kadi hamruhusiwi kuweka dau.

Usajili nitaupitia kwa kifupi. Jina la biashara au kampuni utalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na namba ya mlipakodi utaipata TRA, mamlaka ya mapato. Kwa kuwa utahifadhi majina, namba za simu na anwani za watu wenye mali ya thamani, utajisajili pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022. Wenzako wa Mombasa wasubiri. Kadi inayovuka mpaka inaleta forodha, sarafu ya pili na sheria ya nchi nyingine, na sioni sababu ya kujitwisha hayo kabla hujaweza kusafirisha kadi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam bila tatizo. Hata njia hiyo ina mambo yake: mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini, kwa hiyo muda wa kufikisha mzigo wakati wa masika uwe mrefu kuliko wa kiangazi.

Kuhusu kujilipa, usitoze ada ya kutangaza. Toza kamisheni kwa biashara iliyokamilika tu. Kwa mfano, kadi ikiuzwa kwa shilingi 300,000 na kamisheni ni asilimia 8, wewe unabaki na 24,000, ambayo lazima itoe gharama ya malipo, bima na kabati. Utaona mara moja kwamba kadi za shilingi 20,000 hazibebi ukaguzi wa namna hii, kwa hiyo weka thamani ya chini ya kadi unazopokea.

SWALI: Nina kadi za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza nilizoletewa na mjomba wangu, lakini hazijapimwa. Soko kama hilo likianzishwa Mtwara, litazipokea? Au nizitume mwenyewe Marekani?
Msomaji, Nachingwea, Lindi

JIBU: Mwanzoni ningelishauri soko hilo lisizipokee, kwa sababu kila kadi isiyopimwa ni ugomvi mpya kati ya macho ya muuzaji na macho ya mnunuzi. Kuzituma mwenyewe moja moja pia sikushauri. Ada ya kupima, usafiri wa kwenda na kurudi, bima na uwezekano wa kutozwa kodi zinapoingia tena nchini vinaweza kuzidi thamani ya kadi yenyewe. Zichambue kwanza chini ya mwanga mkali, ukitenga zile za msimu wa kwanza wa mchezaji anayetafutwa sana na ambazo pembe zake nne hazina weupe. Hizo chache ziweke kila moja kwenye mfuko laini wa plastiki na kisha kwenye kifuko kigumu cha plastiki, usizifute kwa kitambaa wala kuzinyoosha, na uwatafute wakusanyaji wengine ili mtume mzigo mmoja na kugawana gharama. Kabla ya kutuma, piga picha kila kadi pande zote mbili, na muandikiane ni nani atakayelipia iwapo mzigo utapotea.