Ngozi au reksini? Pijo 504 imenikamua hela mara tatu ndo nikaelewa

Nikiegesha tu hii gari hapa Mwanza, iwe Buzuruga au pale Kirumba, namsubiri mtu, haipiti dakika tano mtu ashatia kichwa dirishani, anapapasa siti, halafu swali ni lilelile, "Kaka, hii ngozi og?" Nikisema hapana, reksini hiyo, ngozi ya plastiki, anakunja sura kama nimemwambia chini ya boneti kuna injini ya bodaboda. Sasa nimechoka kueleza dirishani, acha niandike mara moja niwe namtumia mtu link.

Gari ni Pijo 504 saluni, gia za kwenye usukani, niliachiwa na baba mdogo alipoona macho hayamruhusu tena kuendesha usiku. Ilikuja na siti zake za kiwandani, reksini ya kahawia, ila mpaka inafika kwangu ilishapasuka vipande, ukikaa na kaptula unanyanyuka na alama mapajani kama umepigwa fimbo. Na mimi nilikuwa nimeshaangalia sana mapicha ya magari ya zamani huko mtandaoni, yale ya Uingereza yenye ngozi nyekundu inang'aa, kichwani nikawa nishaamua, naweka ngozi, tena ngozi ya kweli, si tupo Usukumani bana, ng'ombe wamejaa, ngozi itanishindaje.

Baba mdogo nilipomwambia alicheka. Yeye hiyo gari ukiigusa tu atakukumbusha kwamba 504 ilichukua Safari Rally mwaka 1975 na 1978, akasema gari ya namna hiyo haihitaji kuvalishwa, inahitaji kukalika. Sikumsikiliza.

Nikapata ngozi kwa jamaa anayewauzia watengeneza kobazi. Hapo ndo kosa la kwanza na ndo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ngozi ya siti za gari sio ngozi yoyote iliyotoka kwa ng'ombe. Ya gari inachakatwa iwe laini, inakuwa na unene kama milimita moja na kidogo, halafu juu inapakwa rangi na tabaka jembamba la kuikinga na jua, maji na jasho. Ya kobazi ni nene, ngumu, imetengenezwa ikanyagwe, ukiilazimisha ifuate kona ya siti inakukatalia na cherehani inalia. Halafu ng'ombe wetu ni wadogo, ngozi moja ukishaikatakata haikutoshi hata siti ya nyuma bila viraka, na maisha ya ng'ombe wetu tunayajua, miba, kupe, fimbo, na chapa ya moto. Zile alama zote zinabaki. Yaani fundi alijitahidi kukwepa lakini kipande kilichoishia katikati ya siti ya abiria kilikuwa na chapa kabisa, inasomeka, shemeji yangu kila akipanda anauliza leo nimekalia ng'ombe wa nani.

Tungeishia kwenye kucheka ingekuwa nafuu. Masika ikaja, nikasafiri wiki tatu, gari nikaiacha chini ya mti imefunikwa turubai, madirisha juu. Kurudi nafungua mlango nakutana na harufu kama ya stoo ya zamani, siti zina ukungu mweupe na mwingine wa kijani, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Ngozi inanyonya unyevu, na sisi huku ziwani unyevu sio mgeni, ukichanganya na turubai lisilopitisha hewa ni kama umeipanda mwenyewe. Nikafuta, nikaanika, ikaisha kidogo.

Halafu dagaa. Hapa wa Mwanza wenzangu mnajua naenda wapi. Nilitoka Mwaloni na kiroba cha dagaa wa shangazi, nikaona buti imejaa nikakiweka siti ya nyuma, Kirumba mpaka Igoma tu, foleni ya kawaida. Ile ngozi haikuwa na tabaka lolote la juu, ilikunywa ile harufu na yale mafuta mafuta, na haikuitapika tena. Nilisugua na sabuni, nikapaka limao, mtu akanishauri kahawa, mwingine magadi. Jua likiwaka saa nane, dagaa wanarudi. Mama watoto akawa anakaa mbele tu, na dirisha wazi.

Kilichoimaliza kabisa ni jua. 504 kioo chake cha nyuma kimelala, kwa hiyo ule ukingo wa juu wa siti ya nyuma unapigwa jua mchana kutwa. Ngozi inaishi kwa mafuta yaliyomo ndani yake, jua likiyakausha inasinyaa, ikisinyaa inavuta mshono, na ngozi ikishatobolewa na sindano lile tundu halizibi tena, kwa hiyo huwezi kusema fundi rudishia palepale, unakuta mstari wa matundu umekuwa kama ule wa stempu, inachanika yenyewe. Mwaka haukuisha.

Raundi ya pili nikaenda upande wa pili kwa hasira. Nikanunua reksini ya bei chee dukani mjini, nyeusi, nikasema potelea mbali gari si imetoka kiwandani na reksini. Kosa la pili hilo, na naona ndo watu wengi wanaishia hapo halafu wanasema reksini ni takataka. Reksini ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na plastiki yenyewe kwa asili ni ngumu, inalainishwa kwa kuchanganywa na vitu vya mafutamafuta. Ile ya bei chee, joto likiingia vile vilainishi vinatoka, na utaviona kwa macho yako: asubuhi kioo cha mbele kwa ndani kina utando kama mtu kakipaka mafuta ya kupikia, unafuta na gazeti, kesho umerudi. Ule utando ni siti zako zinaondoka kidogo kidogo. Vikishatoka vya kutosha plastiki inakuwa kavu, inapasuka. Yangu ilianzia kwenye mikunjo ya siti ya dereva.

Na nyeusi jamani. Mwanza hii, saa saba mchana, gari imesimama juani, weusi wa plastiki. Siku moja mtoto alipanda na kaptula akapiga yowe mpaka wauza maji wakakimbia kuja kuona nimemfanya nini. Toka siku hiyo mama mkwe akaleta kanga mbili za kutandika na zikawa ndo siti zenyewe.

Sasa raundi ya tatu. Aliyeniokoa ni mzee mmoja anashona siti za boti, hizi boti za kupeleka watu visiwani na za wavuvi wenye pesa. Nilimfuata kwa jambo lingine kabisa, nilikuwa nataka turubai. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitikia, akazunguka gari, akabonyeza siti kwa kidole gumba, akasema, "Ng'wanawane, siti ya boti inakaa juani na majini miaka, hii yako inakaa barabarani tu imekushinda?" Akanionyesha reksini anayotumia yeye, ya boti, inatengenezwa maalumu kuhimili jua, maji na ukungu. Akaikunja kwa nguvu, akaikwangua na ukucha pale kwenye mkunjo. Haikutoa mstari mweupe. Akachukua kipande cha siti yangu iliyochanika akafanya vilevile, ukabaki mstari mweupe na kaunga kidogo kwenye kidole.

Akaigeuza. Hapa naomba ushike kitu kimoja: reksini inanunuliwa kwa mgongo wake. Juu zote zinafanana, zote zina vinyweleo vya kuigiza ngozi, lakini geuza uone kitambaa cha nyuma. Kikiwa chepesi kama bandeji, kimeshikwa na gundi tu, achana nayo. Ukitaka yenye kuvutika kidogo, nyuma kuwe kumefumwa kama fulana, ivute pande zote mbili, ikirudi kama ilivyokuwa hiyo itafuata kona za siti bila kulazimishwa.

Roli zake nyingi zina upana wa sentimita 137, yangu ilikula mita tisa kwa siti mbili za mbele, ya nyuma, na milango, tukabakiwa na kipande. Rangi tulichagua ya ugoro, haichomi kama nyeusi na vumbi la huku halionekani sana. Uzi wa polista sio wa pamba, pamba inaoza kwa jasho na jua. Na mishono mirefu kidogo, alikuwa anarudia rudia hilo, sindano zikikaribiana sana umejikatia mwenyewe reksini yako. Fundi wangu wa raundi ya pili alishona kwa mishono midogo midogo mizuri kama ya gauni la harusi. Nilimsifia kipindi hicho.

Kingine alichokataa kabisa ni kushonea juu ya sponji la zamani. Lilikuwa limegeuka unga, ukilipiga linatoa vumbi la njano, na springi mbili zilikuwa zimekatika chini ya dereva. Akasema hata ukileta ngozi ya simba, ikikaa juu ya shimo itazama na itapasuka pale inapozama. Hela ya sponji gumu jipya na kuchomelea springi iliniuma, maana hakuna atakayeiona, ila ndo nikaelewa kwanini siti ya dereva ilikuwa inatangulia kufa kila raundi.

Ina miaka minne sasa hivi. Imeshabeba dagaa, sangara, watoto waliotoka kuogelea Luchelele wanachuruzika maji, na ndoo ya rangi iliyomwagika. Kitambaa na maji ya sabuni, basi. Ubaya wake upo, siwezi kusema uongo: safari ndefu mgongo unaloa jasho, reksini haipumui kama ngozi. Niliendesha mpaka Geita kupitia lile daraja jipya la Kigongo-Busisi, nimeshuka shati limeganda mgongoni. Kanga ya mama mkwe ikarudi kazini.

Kwa hiyo ngozi haifai? Sijasema hivyo. Kama gari yako ilitoka kiwandani na ngozi, mfano Jaguar za zamani, kuitoa uweke reksini unaipunguzia thamani na utanuniwa na wanaojua, kwa hiyo hapo jipange ununue ngozi iliyochakatwa kwa ajili ya gari, na ujue saluni moja inaweza kula ngozi nne tano za wale ng'ombe wakubwa wa Ulaya, kila moja karibu futi za mraba 50, ndo maana bei inatisha. Gari ilale ndani, sio chini ya mwembe. Na uwe mtu wa kusugua, kuna watu wanapenda, jumapili wanatoa kopo la mafuta ya ngozi na kitambaa laini wanasikiliza redio wanasugua mpaka jioni. Mimi sio huyo. Mafuta ya nazi usipake, najua utashauriwa, yanachacha na yanakamata vumbi. Jiki na tina ndo kabisa usisogeze, iwe ngozi iwe reksini.

Halafu usidanganywe na neno leza, yaani ngozi kwa Kiingereza, huku kila kinachong'aa kinaitwa leza. Kuna mzee wa Kapripointi ana Benzi ya zamani, W123, safi sana, siku zote anatuambia siti za ngozi kutoka Ujerumani, hajawahi kuzigusa tangu anunue. Fundi wa boti akaomba aangalie chini ya siti, pale ukingo ulipokunjwa ukafungwa. Nyuma kitambaa cha kufumwa. Ni MB-Tex, reksini ya Mercedes wenyewe, zile Benzi za miaka ile zilitoka nazo nyingi tu na zinadumu kupita ngozi. Kwenye ngozi ungeona manyoyamanyoya kama suweidi. Mzee alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi ni reksini ya Ujerumani," akafunga mlango taratibu.

Ile ngozi yangu ya kwanza sikuitupa. Nilimpelekea mshona kobazi Makoroboi, akakata pea mbili, yangu na ya shemeji. Ya shemeji ndo ina ile chapa, mguu wa kulia. Zinavaliwa mpaka leo, hazijapasuka hata sehemu moja, ila siku za joto bado zinanuka dagaa.