Mikwaruzo kwenye skrini ya televisheni

SWALI: Mtoto amekwaruza televisheni yetu bapa ya inchi 32 kwa waya. Jirani anasema nisugue dawa ya meno. Itafaa? – Msomaji, Arua

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, iache bafuni. Uso wa skrini bapa nyingi si kioo, ni utando wa plastiki uliotiwa ukungu kidogo ili usimeremete. Dawa ya meno ina chembe zinazosaga. Itaula ukungu huo na kuacha doa linalong'aa, baya kuliko mkwaruzo.

Zima, chomoa, acha ipoe. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kwani punje moja ya mchanga huchora mstari mpya. Pitisha ukucha taratibu. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, hautafichika. Usiponasa, paka vaselini kiasi cha punje ya mchele juu ya mstari tu, kisha futa inayobaki. Hiyo inaficha, haitibu, utarudia.

Usinyunyizie maji kamwe: hutiririka hadi ukingo wa chini, yakafikia viunganishi vya paneli, yaani sehemu inayoonyesha picha. Na ukiona doa jeusi kama wino uliomwagika, paneli imepasuka ndani. Kuibadilisha mara nyingi hugharimu karibu sawa na televisheni nyingine.