Programu ya kufuatilia hali ya wazee makaoni: anza na machache
Ndugu, umeuliza iwapo programu ya kompyuta inaweza kweli kuboresha maisha ya wazee katika makao unayoyasimamia, au itawaongezea wahudumu kazi ya kujaza fomu tu. Inaweza, mradi uanze na mambo machache. Kipimo cha WHO-5, kwa mfano, yaani dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani la kupima ustawi wa nafsi, kina maswali 5 kuhusu wiki 2 zilizopita. Jumla ya alama huzidishwa kwa 4 ili kupata kiwango cha 0 hadi 100, na mzee aliye chini ya 50 anastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Rekodi pia uzito wa mwili, kwa kuwa kupungua kwa asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja ni dalili nzito ambayo mhudumu anayemwona mzee kila siku anaweza asiitambue.

Hata hivyo, bibi aliyeandikiwa "amekula nusu" siku 4 mfululizo huenda anaumizwa na meno yake ya bandia, na hilo utalijua kwa kumuuliza, si kwa kutazama grafu. Kwa hiyo kila tahadhari ya programu ipewe mtu wa kuishughulikia na siku ya kuifuatilia. Wazee waliopoteza kumbukumbu sana hawataweza kujibu maswali ya WHO-5. Kwao andikeni mnachokiona: usingizi, mwendo, uchangamfu.