Niliyojifunza kwa kuozesha waridi la jangwani

Waridi la jangwani la kwanza nililolimiliki lilikufa baada ya miezi minne, na kilichoniulia ni maji. Nilikuwa nimelinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara likiwa na maua matano ya rangi ya waridi iliyokoza, na kila asubuhi nikawa nalimwagilia kikombe kizima kama nilivyozoea kufanya kwa mimea mingine ya kibarazani. Majani yalipoanza kugeuka manjano nilidhani lina kiu, nikaongeza kikombe cha jioni. Siku nilipobonyeza shina kwa kidole gumba, kidole kilizama kama katika papai lililoiva kupita kiasi, na maji ya rangi ya chai yakatiririka yakiwa na harufu ya uozo.

Jina lilichangia kunipoteza, kwa maana mmea huu hauna udugu wowote na waridi. Wataalamu huuita Adenium obesum: neno la kwanza limetokana na mji wa Aden huko Yemen, na la pili ni la Kilatini lenye maana ya nene. Umo katika familia ya Apocynaceae pamoja na mbungo na mtandamboo, ingawa matunda ya hao wawili huliwa na huu hauna sehemu hata moja ya kutiwa mdomoni. Ni kichaka cha asili cha nyika kavu za Afrika Mashariki, ambacho pia huenea hadi ukanda wa Sahel na Rasi ya Arabuni, na kwa kawaida kimo chake hakizidi mita 3. Anayepita Tsavo wakati wa kiangazi huutambua kutoka mbali, kwa kuwa unachanua wakati vichaka vilivyouzunguka vimebaki vijiti vitupu, na mara nyingi wenyewe hauna hata jani moja.

Uwezo huo wa kuchanua bila mvua unatoka kwenye shina, na ndipo mkulima anapotakiwa kuanzia. Sehemu ya chini ya shina pamoja na mizizi ya juu imevimba kama chupa, nayo ni ghala la maji. Nyama yake ni laini, haina mbao ngumu, na gome lake ni jembamba, la kijivu na lenye kung'aa kidogo. Kwa hiyo mmea unapopoteza majani haimaanishi kwamba unakufa, bali umefunga mlango ili maji yasipotee. Ukiumwagilia wakati huo, mizizi iliyolala haiyanywi, na maji yanayotuama ndiyo yanayoleta uozo.

Leo sishiki kopo la maji kabla ya kushika shina. Shina lenye kiu hunywea lote kwa pamoja, likawa kama mpira uliopungua upepo, huku gome likiwa kavu. Shina linalooza hulainika mahali pamoja, aghalabu pale linapokutana na udongo, na gome la hapo huwa na unyevu na weusi. La kwanza lipe maji mpaka yatoke chini ya chungu, kisha usirudie hadi udongo ukauke kabisa. La pili ling'oe, ukate kwa kisu safi mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na doa, uliache kivulini juma zima kidonda kikauke, ndipo upande upya. Udongo wangu ni mafungu mawili ya changarawe na mchanga mnene kwa fungu moja la mboji, katika chungu chenye matundu, juani kutwa nzima.

Unapokata, vaa glavu. Utomvu wake una sumu inayoshambulia moyo, na Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi huutumia kutengeneza sumu ya mishale. Mtu mwenye watoto wadogo au mbuzi auweke mahali wasipofika. Ajabu ni kwamba yuko kiwavi mnene wa kijani, mwenye madoa mawili ya buluu mfano wa macho, anayetafuna majani hayo bila kudhurika. Mimi humtoa kwa mkono na kumpeleka mbali, kwani kupuliza dawa kwa ajili ya mdudu mmoja sioni maana yake.

Ua lina petali tano zilizoungana chini na kufanya mrija, ambao koo lake huwa na rangi iliyopauka. Ndani ya koo hilo stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zimebanana zikawa kama pia ya kuchezea, na ncha zake ni nyuzi zenye manyoya zinazochungulia nje. Chavua imefichwa ndani ya pia hiyo, na ndiyo maana maua mengi ya nyumbani hudondoka bila kuzaa. Nilipotaka mbegu, nilipasua mrija kwa wembe, nikahamisha chavua kwa brashi nyembamba kutoka mmea mmoja hadi mwingine uliotoka kwenye mbegu tofauti, na kati ya maua kumi na mawili niliyoshughulikia, mawili tu yalishika. Tunda hutoka kwa jozi, kama pembe za mbuzi, na linafaa kufungwa uzi kabla halijapasuka, kwa sababu kila mbegu ina kishungi cha manyoya katika ncha zote mbili na upepo huizungusha ardhini kama gurudumu.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, panda mbegu badala ya kipande cha tawi, kwa kuwa mche wa mbegu huanza kuvimba chini tangu majuma ya mwanzo, ilhali wa tawi huchelewa sana na pengine usipate kamwe umbo hilo la chupa. Wangu wa mbegu sasa una miaka sita. Wakati wa joto huupa maji kila baada ya siku tisa au kumi. Ikifika Julai, majani yakishapukutika, siupi hata tone mpaka nione chipukizi.