Brashi ya babu: usiichemshe
Yakhe, umeuliza kama uitie brashi ya kunyolea ya babu yako kwenye maji ya moto ili nywele kuukuu zing'oke. Usithubutu! Mpini wa pembe ukichemka hupinda, na mwengine kama huo huupati sokoni Darajani. Kata nywele kwa wembe, kisha chimba gundi kwa keekee, taratibu, ukianzia katikati. Unga unaotoka ukibadilika rangi, simama, umeshafika kwenye pembe. Pima tundu kwa milimita ndipo uagize kitita cha nywele za baja (mnyama wa Ulaya na Asia, si nyegere wetu). Kichomeke kwanza bila gundi: kikizama sana huwa kigumu, kikichomoza sana hulegea. Mimi napenda kigumu kidogo. Kisha tia gundi ya epoksi, uiache saa 24.