Kuokoka na kuendelea kurap

Umeuliza kama unaweza kubaki kwenye hip-hop baada ya kuokoka, na kama kila wimbo lazima uwe mahubiri. Unaweza kubaki, na si lazima uhubiri. Ubeti wa baa 16 (baa moja ni mapigo manne) kwenye biti, yaani mdundo, ya mapigo 90 kwa dakika huisha kwa sekunde 43 hivi. Ukirundika aya tano za Biblia humo, hakuna inayomwingia msikilizaji. Chukua wazo moja, mfano deni ulilosamehewa, ulichimbe mpaka mwisho.

Kazi ngumu ni majigambo na kudisi, yaani kumshambulia msanii mwingine kwa mistari, maana ndivyo rap ilivyokulia. Soma Yakobo 3:9-10 kabla ya kuandika: kinywa kimoja hakipaswi kumsifu Mungu na kumlaani mtu. Piga uovu, usimtaje mtu. Shindana kwa vina na mtiririko.

Ukiitwa kwenye kolabo, yaani wimbo wa kushirikiana na msanii mwingine, omba mashairi ya wimbo mzima kabla hujarekodi. Wengi hutuma ubeti wao kwanza, kisha wanasikia kiitikio cha matusi wimbo ukiwa umeshatoka. Biti nayo ilipie leseni. Kuichukua bure bila ruhusa ni wizi, hata ukiimbia injili. Na mpe mchungaji au rafiki mkomavu ruhusa ya kukukatalia mstari.